Kuokoka kwa Kola ya Shati

Mama yangu alikuwa mlinzi wa mikoba. Hakuna aliyemwajiri. Kila Jumapili, katika kanisa letu la Kikatoliki hapa Changamwe, komunyo ilipofika na watu wakaanza kutoka kwenye mabenchi kwenda kujipanga, wanawake walimpitishia mikoba yao wakaenda mbele mikono mitupu. Mama hakwenda. Alibaki ameketi, mikoba mingine mapajani na mingine miguuni, pengine na mtoto wa mtu begani, akiimba wimbo wa komunyo kwa sauti kuliko wote. Tangu nipate akili nilimkuta na kazi hiyo, na kwa muda mrefu nilidhani ni cheo cha kanisa, kama kupanga maua.

Hakikuwa cheo. Mama alikuwa amezuiwa kupokea komunyo. Yeye na baba walioana kimila huko bara, mahari ikatolewa, wazee wakala wakashiba, lakini ndoa yao haikuwahi kufungwa mbele ya padri, na kwa kanuni za kanisa lake mwanamke wa namna hiyo hana ndoa. Padri wa kwanza alimweleza, wa pili akamkumbusha, waliofuata hawakuhitaji kusema kitu kwa kuwa alishapajua mahali pake. Dawa aliyotajiwa ilikuwa moja: mzee aje afundishwe dini, abatizwe, kisha wafunge ndoa. Na mzee hakutaka.

Si kwamba baba alikuwa na ugomvi na kanisa. Mabenchi yalipolegea aliyagongea misumari, na mvua ikinyesha alimpeleka mama kwa mwavuli hadi mlangoni, kisha akarudi nyumbani kusikiliza redio. Ila mtu akimgusia habari ya kuingia ndani, alikuwa na jibu lake: "Mimi nilishaokoka."

Sisi watoto tulijua maana yake. Kabla hatujazaliwa, baba akiwa kuli bandarini, kamba ya wavu uliobeba magunia ya sukari ilikatika wavu ukiwa juu ya kichwa chake. Yeye alikuwa ameinama anafunga kiatu. Kuli mwenzake, kijana wa Kidigo kutoka Shika Adabu, upande wa Likoni, alimnyaka kola ya shati akamvuta nyuma. Shati lilipasuka hadi kiunoni, na magunia yakaangukia pale pale alipokuwa ameinama. "Niliokoka kwa kola," baba alimalizia kila mara, huku akijishika shingo.

Lugha yetu ndiyo iliyomruhusu. Aliyeponea ajali ameokoka, na aliyempokea Yesu ameokoka, neno ni lile lile. Maana ya pili tumekuja nayo zaidi sisi watu wa bara. Jirani yetu Mwislamu, mzaliwa wa hapa, aliwahi kusimamishwa na mhubiri wa stendi akaulizwa kwa sauti, "Mama, umeokoka?" Naye akajibu kwa hofu, "Na nini tena, mwanangu?"

Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na nyakati zake, kama kitenzi darasani. Kwa kaka yangu, aliyehama Ukatoliki akiwa chuoni na sasa ni shemasi wa kanisa la Kipentekoste kule Bamburi, wakati wake ulikuwa umepita: ameokoka, siku anaijua, mahali anapajua, ni nyuma ya bweni karibu na matangi ya maji. Kwa mama ulikuwa wakati ujao. "Nitajua nikifika," alisema, na kumwuliza mtu kama ameokoka aliona ni sawa na kumwuliza anayepika kama ameshiba. Shangazi yetu Msabato alishikilia kwamba wafu wamelala na hawajui lolote mpaka parapanda ilie, basi haraka ni ya nini? Na Mpresbiteri mmoja ofisini kwetu hunihakikishia kwamba Mungu alishachagua watu wake kabla ya kuumba ulimwengu, kwa hivyo mikesha yote hii ni kelele tu za kumsumbua.

Mimi sikuwa na wakati wangu. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, kisha nikaanza kuishi na mtu bila kwenda kwa padri wala kwa mkuu wa wilaya, na kanisani nilikuwa namsindikiza mama tu. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Kipevu. Nimezoea kuona kontena lina mwenyewe, anajulikana, amekamilisha kila kitu, na bado limekaa uani linapigwa jua kwa sababu ya muhuri mmoja. Mama nilimwona hivyo, na nilimlaumu baba.

Kisha baba akaugua. Moyo umechoka, daktari alisema, na alisema kwa namna ambayo ilitufanya tusiulize zaidi. Tulimrudisha nyumbani akawa anashinda kwenye kiti sebuleni, miguu imevimba, dirisha limefunguliwa apate hewa. Kila mmoja wetu alijua kilichobaki. Mama alijua zaidi: baba akiondoka vile alivyo, ndoa haitafungwa tena milele. Mjane atasamehewa na kupokea, ndiyo, lakini mume wake atakuwa ameingia kaburini kama mtu aliyekaa naye tu. Aliniambia hivyo akichambua mchele, bila kuinua macho. "Nisipokee kwa sababu amekufa," alisema. "Nipokee akiwa mzima, tena akiniona."

Kaka yangu naye alikuwa na haraka yake. Alimleta mchungaji wake, mtu mpole mwenye sauti ya redio, akaketi karibu na baba na kumshika mkono.

"Mzee, nikuulize kitu moja tu. Umeokoka?"

"Nimeokoka," baba akajibu.

"Una uhakika?"

"Nisingekuwa na uhakika, ningekuwa hapa unaniona?"

"Haleluya! Na ilikuwa lini hiyo, mzee?"

"Zamani sana. Huyu hajazaliwa," baba akasema, akimwonyesha kaka kwa kidevu.

Mchungaji alifumba macho akashukuru. Hakuuliza ni nani aliyemwokoa. Kwao swali hilo lina jibu moja, na mtu haulizi jua linachomoza upande gani. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nimeshika mwiko, na mpaka leo sijui kama baba alikuwa akiwachezea shere au akijibu tu alichoulizwa.

Kabla hata mchungaji hajafika Bamburi, ujumbe ulishaingia kwenye kundi la familia: baba ameokoka, kumbe aliokoka siku zote akanyamaza, Mungu ni mwema. Shangazi alijibu kwa aya ndefu kuhusu Sabato. Mama aliusoma ujumbe wa kaka kwa miwani, kisha akailaza simu kifudifudi mezani. "Basi wamemchukua," alisema.

Mchungaji aliahidi kurudi kufanya ibada ya shukrani, na akarudi. Mungu anajua anavyopanga mambo yake, kwa sababu adhuhuri hiyo hiyo gari lilisimama nje, na ndani yake mlikuwa na yule mtu wa Shika Adabu. Mwanawe alikuwa amemleta kwa barabara mpya ya Dongo Kundu. Alishakuwa mzee sasa, kanzu na kofia, fimbo mkono mmoja na furushi la korosho mkono wa pili.

"Hodi, hodi wenyewe!"

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mgonjwa wangu mumemficha wapi?"

Nilimwingiza sebuleni. Mchungaji, kwa adabu, alisimama akampisha kiti kilichokuwa karibu na baba, akamweleza sababu ya mkusanyiko. "Tumekuja kumshukuru Mungu, mzee wangu. Huyu rafiki yako ameokoka."

Uso wa mzee uling'aa. "Ameokoka, ndiyo! Na si mimi hapa niliyemuokoa?" Akaegemeza fimbo, akainyoosha kola ya shati la baba na kuivuta kidogo. "Kwa mkono huu huu. Na badala ya kunishukuru, wallahi, alininunia kutwa nzima, ati nimempasulia shati jipya!"

Kaka alimtazama mchungaji, mchungaji akatazama Biblia yake. Aliyecheka ni baba peke yake, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi nimletee maji.

Mchungaji hakukasirika, nitampa sifa hiyo. Alieleza taratibu kwamba kuna kuokoka kwa mwili na kuna kuokoka kwa roho, na kwamba huku kwa pili hakuna mwanadamu anayeweza kumfanyia mwenzake, ni Yesu peke yake. Mzee wa Shika Adabu alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anavyosikiliza taarifa za ukoo usio wake. Ndipo baba akasema:

"Hiyo ingine naijua. Nilienda kuiulizia."

Mama alikuwa ametokea jikoni na sinia ya chai na mahamri. Alisimama pale pale.

Baba akasimulia, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mwaka waliooana, alikubali kwenda kwa katekista wa parokia. Alikaa kwenye kibenchi na wenzake, akapewa nafasi ya kuuliza, akauliza swali moja. Kuna mtu, alisema, aliniondoa chini ya magunia. Anaswali, anafunga, hadhulumu mtu, ni Mwislamu. Huyo atakwenda wapi? Katekista hakuinua hata kichwa. Alimwambia kwamba nje ya Kanisa hakuna kuokoka, na akamwita anayefuata.

"Nikaona kama ni hivyo," baba alisema, "mimi nitaingia aje kwa mlango huo nimwache yeye nje? Yeye hakuniacha. Nikashukuru, nikaenda nyumbani."

"Uliniambia mafundisho yamekushinda," mama akasema.

"Yalinishinda."

"Nilidhani ni kukariri!" Aliiweka sinia mezani kwa kishindo, chai ikamwagika. "Miaka yote nasali Baba Yetu kwa sauti hapo jikoni, polepole, kama mwalimu wa chekechea, nikisema labda itamwingia! Nilidhani una kichwa kigumu!"

"Naijua," baba alisema. "Na Salamu Maria naijua. Na ile ndefu pia."

Sikujua nicheke au nilie. Lakini mzee wa Shika Adabu alijua lake: alikasirika. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa Likoni akikasirika polepole hivyo, neno baada ya neno, bila kupandisha sauti.

"Ngoja kwanza. Ngoja niisikize vizuri. Yaani bibi huyu kukaa kwake nje ya karamu ya kanisa lake, miaka yote hii ninayoisikia, ni kwa ajili yangu mimi? Nani alikutuma? Mimi nina Mola wangu na ananijua. Nikifika kwake nitajibu yangu mwenyewe, siendi na wakili kutoka Changamwe."

"Sikiza, ndugu..."

"Sisikizi. Unaniona mimi gunia, unibebe mgongoni maisha yako yote? Nilikuvuta kwa sababu kola ilikuwa karibu, basi! Ingekuwa karibu kola ya mwengine, ningevuta ya mwengine." Akachukua fimbo yake, akaigonga sakafuni mara moja. "Mimi natoka Shika Adabu, na leo nakwambia shika adabu. Mpe mkeo haki yake."

Baba aliinamisha kichwa. Kaka yangu akasema kwa sauti niliyoijua tangu utotoni, sauti yake ya kabla ya kulia: "Baba, mimi sitaki kushindana na mtu. Nataka tu tuonane huko." Nilikuwa nimezoea kumtania kaka kwa wokovu wake, siku na mahali pake, matangi yake ya maji. Siku hiyo niliona kwamba chini yake yote kulikuwa na mtoto anayeogopa kupotezana na baba yake sokoni. Nilimwonea huruma, na nilimpenda.

Wiki hiyo mama alivaa viatu vya Jumapili akaenda parokiani peke yake. Padri aliyekuja nyumbani alikuwa kijana, aliletwa na bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba hakumngoja akae vizuri. Alimwuliza swali lile lile, kwa maneno karibu yale yale.

Padri alijifuta vumbi usoni. "Mzee, Kanisa linafundisha njia linayoijua," alisema. "Halikupewa ufunguo wa kumfungia Mungu ndani. Rafiki yako yuko mikononi mwa Mungu, na mimi siwezi kukuambia kwamba mikono hiyo itamwangusha. Aliyekujibu alikujibu nusu."

"Alikuwa na haraka," baba alisema. "Tulikuwa wengi."

Kisha padri akaongeza neno ambalo, naamini, alidhani ni la faraja. Ndoa yenyewe, alisema, haikuhitaji hata ubatizo. Mkristo anaweza kufungishwa ndoa na asiyebatizwa, kinachotakiwa ni ruhusa ya askofu na mzee akubali kusimama tu.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu zamani, mama. Tangu mwanzo ingewezekana."

Niliona anavyotamani maneno hayo yarudi kinywani. Mama alitoka uani, akaanua nguo zilizokuwa bado mbichi, akaziingiza ndani, akazitazama, akazitoa tena na kuzianika moja moja. Mimi nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Katekista alishakufa. Mapadri walishahamishwa. Baba hakuuliza mara ya pili, na mama hakuambiwa mara ya kwanza. Miaka ya mwanamke ilikuwa imepotea katikati ya watu ambao wote, ukiwasikiliza, walikuwa na sababu.

Ruhusa ilikuja. Ndoa ilifungwa sebuleni, baba kitini, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Mashahidi walihitajika wawili. Mmoja alikuwa mzee wa Shika Adabu, ambaye alimwuliza padri mara tatu kama kweli inafaa, na padri mara tatu akamwambia inafaa. Wa pili alikuwa kaka yangu. Alikuja akisema ni kwa heshima ya mama tu, asije mtu akamfikiria vingine, na sahihi yake akaiandika kubwa kuliko ya wote.

Mama alipokea. Alifumba macho, akafunga mdomo. Baba alikuwa akimtazama kwa makini, kama anayetazama mtu akionja mboga yake.

"Ina ladha gani?"

"Haina ladha."

"Na ndiyo uliyokuwa unaililia?"

"Nyamaza, wewe mtu wa kola," mama akasema, na akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Padri aligusia ubatizo. Baba akamwambia hiyo wataongea siku ingine, leo ni ya huyu mama. Nadhani alikuwa na nia. Lakini hawakuwahi kuongea. Alikufa kabla ya masika, asubuhi, kwenye kiti chake, chai yake haijapoa.

Msibani kila mtu alimzika baba kwa imani yake. Kaka aliwaambia waombolezaji kwamba mzee alikiri kwa kinywa chake mwenyewe, na hakudanganya, maneno yalitoka kinywani kweli. Shangazi alisema amelala, na tukipunguza makelele atalala vizuri. Yule Mpresbiteri wa ofisini alinishika bega akaniambia kwamba jina la mtu lipo au halipo, akamaanisha wema. Padri alisali sala alizoruhusiwa. Mzee wa Shika Adabu alifika kabla hatujausafirisha mwili bara, akasimama kando ya jeneza na viganja wazi, kisha akaja nilipokuwa nimesimama. "Mara hii, mwanangu, sikuwa karibu," alisema.

Jumapili tuliyorudi kanisani, komunyo ilipofika, wanawake wa benchi letu walishika mikoba yao wakamtazama mama, wasijue wafanye nini. Mama akasimama. Aliweka mkoba wake mapajani mwangu bila kuniuliza, na wenzake nao wakafanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka sikuweza kuona magoti yangu. Akaenda na mlolongo. Nilimfuata kwa macho, kitambaa cheusi kichwani, mikono imekunjwa kifuani kama ya mtoto wa komunyo ya kwanza.

Alirudi akapiga magoti kwa muda mrefu. Wimbo uliisha, wengine wakaketi, mikoba ikachukuliwa. Alipoketi, hakunigeukia. Alisema akitazama mbele, kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga safari.

"Nikifika huko nikute baba yako wamemwacha benchini, mimi nitakaa naye."

Kisha akachukua mkoba wake, akaufungua, akaanza kutafuta leso.